Ulimi wa Kinyonga Usipotoka

Barua imetoka kwa mama mmoja anayeishi Leicester, Uingereza. Mwanawe alinunuliwa kinyonga wa pembe tatu, yule wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ila huyu alizaliwa kizimbani hukohuko Ulaya. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Sasa nyenje akiwekwa mbele yake, kinyonga anamkazia macho yote mawili, anafungua mdomo, ncha ya ulimi inachungulia, halafu basi. Anafunga mdomo. Anajaribu tena, vilevile. "Jua anapata," mama anasisitiza, "kizimba tumekiweka dirishani." Anataka kujua kama mnyama amezeeka.

Sidhani. Na swali lake limenifurahisha kuliko maswali mengi ya vinyonga yanayonifikia, maana mengi huwa ya rangi. Rangi leo naziacha. Kwa mtu anayefuga kinyonga kwa mara ya kwanza, ulimi unasema mengi zaidi. Joto, mwanga, chakula, vyote unavyompa au unavyomnyima vinapita hapo, na ukijua unavyofanya kazi utaanza kuusoma.

Ukimwona kinyonga akipiga windo unadhani msuli ndio umeurusha ule ulimi. Hesabu zinakataa. Msuli ukibana haraka kadiri uwezavyo, bado hautoi nguvu ya namna ile. Siri ni ileile ya manati. Mtoto anayewinda ndege anajua kwamba mkono wake ni wa polepole. Akirusha kijiwe kwa mkono, ndege ana muda wa kutosha wa kumwona na kuondoka. Kwa hiyo anatafuta panda nzuri ya mpera, anakata mipira miwili kutoka tyubu ya baiskeli, anafunga kipande cha ngozi katikati, na anavuta. Kuvuta ni kazi ya msuli, na hakuna haraka. Mpira unatanuka huku ukiweka akiba ya nishati yote anayoitoa. Akiachia, akiba ile inatoka kwa mkupuo mmoja, kwa muda mfupi mno kuliko ule wa kuvutia. Nishati ni ileile, lakini nguvu, kama tulivyofundishwa kwenye fizikia, ni nishati kugawanya kwa muda. Ukifupisha muda, nguvu imepanda, na mkono haujaongeza jasho hata tone.

Panda ya kinyonga ni kijiti kigumu, laini kwa nje, kilichochomoza kutoka kwenye mifupa ya koo na kulala katikati ya ulimi. Kukizunguka kijiti kuna tabaka za kolajeni zilizovaana, moja ndani ya nyingine. Hizo ndizo mpira. Juu ya tabaka hizo kuna msuli mnene wa mviringo, nao ndio mkono. Kinyonga anapolenga, msuli unabana kuelekea ndani. Ujazo wake haupungui, kwa hiyo ukiwa mwembamba hauna budi kurefuka, na ukirefuka unazivuta zile tabaka pamoja nao, juu ya kijiti, kuelekea nchani. Hatua hii huchukua takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa nje huoni lolote ila ncha ya ulimi ikichungulia mdomoni.

Kisha inakuja sehemu ambayo kila nikiisoma nasimama. Mtoto wa manati huamua mwenyewe kuachia vidole. Kinyonga hana vidole vya kuachia. Umbo la kijiti ndilo linaloachia. Kijiti kina unene uleule karibu urefu wote, ila nchani kinachongoka. Tabaka zilizovutwa zikifika pale zinakosa pa kushikilia, zinaanza kuteleza, zinasinyaa kwa ghafla na kujisukuma kutoka kwenye ule mteremko mdogo, na ulimi wote unaruka, kila tabaka ikichomoka kutoka ndani ya mwenzake. Watafiti wa Kiholanzi Jurriaan de Groot na Johan van Leeuwen ndio waliolionyesha hilo mwaka 2004.

Hapa nina neno na wanaotuandikia kamusi za biolojia. Msuli ule wataalamu waliuita kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "msuli mchapuzi", wakidhani wenyewe ndio unaochapua ulimi. Hauchapui chochote, unatega tu. Naomba tuuite msuli mtegaji, na zile tabaka tuziite ala. Ni maneno mafupi na hayamdanganyi mwanafunzi.

Bingwa wa mtego huu anaishi kwetu. Katika misitu ya Usambara, Tanzania, yupo kinyonga mdogo mwenye kishungi cha miiba puani, Rhampholeon spinosus, ambaye mwili wake bila mkia unakaribia sentimita 5 tu. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson alitangaza vipimo vya vinyonga wa spishi 20 aliowarekodi kwa kamera ya kasi kubwa. Huyu mdogo wa Usambara aliwashinda wote: ulimi wake ulichapuka kwa mita 2,590 kwa sekunde mraba, yaani mara 264 ya mvutano wa dunia, na nguvu ikafika wati 14,040 kwa kila kilo ya msuli. Wadogo huwashinda wakubwa kwa sababu mwili mdogo unachoma chakula haraka zaidi, hivyo mtego wao ni mkubwa ukilinganisha na mwili. Mwaka huohuo watafiti wengine wakapima ute wa nchani na kukuta ni mzito mara 400 hivi kuliko mate ya binadamu. Ndiyo maana windo likiguswa haliponyoki.

Turudi Leicester. Ncha inachungulia, ulimi hauruki. Maana yake msuli mtegaji unaanza kazi lakini haumalizi. Manati ukiivuta nusu, kijiwe kitaruka japo kwa ulegevu. Kwa kinyonga hakuna nusu: ala zisipofika pale kijiti kinapochongoka, hakuna cha kuziachia. Ndiyo maana naona ulimi ni kipimo kikali cha afya kuliko miguu, ambayo inaweza kudhoofika kidogokidogo na mnyama akaendelea kutembea bila mtu kugundua.

Na kinachoamuru nyuzi za msuli zibane ni kalsiamu. Nyenje wa kufugwa wana kalsiamu haba na fosforasi nyingi, ndiyo sababu wafugaji huwapaka unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa. Lakini unga tumboni haumfai mnyama mpaka apate vitamini D3 ya kuuvusha uingie damuni, na D3 hutengenezwa ngozini kwa mionzi ya urujuanimno ya kundi B. Kioo cha kawaida cha dirisha kinapitisha mwanga, kinapitisha joto, na mionzi hiyo kinaizuia karibu yote. Kinyonga aliyewekwa dirishani ameota jua miezi yote hiyo bila kupata kile ambacho mwili wake unakihitaji kutoka kwenye jua. Mama, nunua taa ya urujuanimno ya wanyama watambaao, uifunge juu ya wavu wa kizimba, na ubadilishe balbu kwa muda uliotajwa na mtengenezaji hata kama bado inawaka, kwa sababu mionzi hufifia kabla ya mwanga.

Usikimulike kizimba kizima. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliofuga vinyonga chui wa Madagaska walionyesha jambo la ajabu: vinyonga waliolishwa D3 kidogo walitafuta wenyewe mionzi zaidi, na waliolishwa nyingi wakajitenga nayo. Mnyama anajipimia, mradi umwachie kivuli cha kwenda. Weka majani mengi upande mmoja. D3 ya unga nayo isizidi, maana ikizidi ni sumu.

Mengine ni mepesi. Kizimba kiwe kirefu kwenda juu na cha wavu, hewa ipite. Kinyonga akae peke yake. Wawili watachokozana hata kama hawapigani. Bakuli la maji litoe, vinyonga wengi hawalitambui. Wanakunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, basi nyunyiza asubuhi na jioni, au tundika chombo kinachodondosha tone mojamoja. Kumshikashika mara kwa mara hakumpendezi, hata kama anaonekana ametulia. Walio nyumbani wasikimbilie mtini kumchukua: Kenya na Tanzania kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na kumvusha mpaka kunasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na mama, kabla ya yote, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua watambaao, kwa sababu jeraha au uambukizo nao huzuia ulimi.

Akipona, mwambie kijana aangalie pia safari ya kurudi. Ulimi unatoka kwa akiba ya ala, lakini unarudi kwa msuli mtupu, na msuli huo ni wa namna ya pekee. Katika misuli ya kawaida, nyuzi zinazobana hugonga ukuta mdogo na kukoma. Katika ulimi wa kinyonga kuta hizo zina matundu, nyuzi zinapenya na kuendelea kubana, ndiyo sababu ulimi mrefu kuliko mwili unaweza kukunjwa wote ukaingia mdomoni. Msuli huu unategemea joto. Anderson na mwenzake Stephen Deban walipima mwaka 2010: joto la mwili likishuka kutoka nyuzi 25 hadi 15 za Selsiasi, urushaji unapungua asilimia 10 hadi 19 tu, lakini urudishaji unapungua zaidi ya asilimia 42. Porini uimara huo wa urushaji unamfaa, kwa sababu anaweza kuwinda alfajiri ya mlimani wakati wadudu wamezubaa kwa baridi na washindani wake bado hawajaamka.

Kwa hiyo ulimi ukigoma kutoka, kagua taa na unga. Ukitoka vizuri lakini ukarudi kwa kusuasua huku nyenje akitapatapa nchani, tazama kipimajoto kwanza. Kinyonga wa pembe tatu anavumilia usiku wa baridi, hata unamfaa, ila asubuhi apate saa moja hivi chini ya taa ya joto kabla ya kulishwa, na mahali pa kuotea pasizidi nyuzi 30.