Meza ya mama ndiyo inashika nyumba

Ukipita sokoni Base Camp, hapa Nakivale, asubuhi, utakuta wamama wamekwisha kupanga meza zao: nyanya kwa mafungu, sombe, ndagala, mawese kwa chupa, bitenge. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na wenyeji wa Isingiro wanauziana bila ubaguzi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya biashara, na wamama wameitumia vizuri.

Kazi yao si ya kujifurahisha. Aprili 2020 PAM ilipunguza mgao wa chakula hadi asilimia 70, na Februari 2021 hadi asilimia 60. Tangu 2023 familia zinapangwa kwa makundi kufuatana na uhitaji. Pengo hilo nani analiziba? Mara nyingi ni mama. Sabuni, daftari, dawa, chumvi, vyote vinatoka mezani kwake.

Lakini meza nyingi zinakufa, na sababu kubwa ni kula mtaji. Tuchukue mfano. Mama ana shilingi 50,000. Ananunua sanduku la nyanya kwa 40,000, analipa boda 5,000 na ushuru 1,000. Akiuza zote anapata 58,000. Faida yake ni 12,000 tu! Jioni mtoto ana homa, baba naye anaomba kidogo, zinatoka 20,000. Kesho mama anaanza na 42,000. Ikirudia hivyo mara tatu, meza imefungwa, na njaa inakuwa ya wote.

Tufanyeje?

Kwanza, mama awe na mifuko miwili: wa mtaji na wa nyumba. Wa mtaji usiguswe ovyo.

Pili, ugonjwa haupigi hodi. Wamama wajiunge na likelemba au kikundi cha kuweka akiba, ili siku ya shida wakope huko, siyo mezani.

Tatu, baba asaidie. Mama akiwa sokoni, nani anachota maji? Nani anapikia watoto? Kubeba jeri haipunguzi heshima ya mwanaume.

Basi baba, jioni ya leo mama akirudi, usimwulize, "Umeleta ngapi?" Ketini pamoja, muhesabu, halafu uulize, "Kesho tunaanza na ngapi?"