Namba sita tu, na duka lako la Instagram linaondoka

Mfanyabiashara mwenzangu, hebu fikiria unaamka asubuhi, page yako yenye wateja elfu nane haifunguki. Kuna mtu kabonyeza "umesahau nenosiri", kapata zile namba sita zinazotumwa kwenye simu yako, kaingia. Picha za mzigo ni zako, ila hela wateja wanamtumia yeye.

Mwaka 2019 kijana wa India, Laxman Muthiyah, alijiuliza: hizo namba sita, naweza kuzibahatisha? Hesabu yenyewe ni rahisi. Kuanzia 000000 mpaka 999999 kuna namba milioni moja, na muda wa kuzitumia ni dakika 10. Ukijaribu kwa kompyuta moja, Instagram inakuzuia mapema. Yeye akaigawa kazi kwenye anwani za intaneti 1,000 zikijaribu kwa pamoja, akapitisha namba 200,000 bila kuzuiwa. Moja ya tano ya zote! Akapiga hesabu kwamba anwani 5,000 zingemaliza milioni nzima, na kuzikodi kungegharimu kama dola 150. Kwa mwizi anayewinda page yenye wateja, hiyo ni bei ya kutupa.

Lakini yeye hakuiba. Aliandika ripoti, akawatumia Facebook, wenye Instagram, pamoja na video ya ushahidi. Wakaziba tundu, wakamlipa dola 30,000, ndipo akasimulia hadharani. Watu wa aina hii wanaitwa wadukuzi wema. Facebook ilianza kuwalipa mwaka 2011, na masharti yanaeleweka: jaribu kwenye akaunti yako au ya majaribio, usiguse ya mtu, usitangaze kabla haijarekebishwa.

Sasa hapa ndipo panapotuhusu. Tundu lile limezibwa, ila mwizi hana haja ya anwani 1,000. Anakuomba tu: "Boss, mimi mtaalamu wa usalama, page yako ina shida, nitumie namba zilizoingia nikusaidie." Jamani! Mdukuzi mwema hana kazi na namba zako. Akiona tundu anaripoti kwa wenye mtandao, haji DM kwako saa nne usiku.

Namba zikiingia bila wewe kuziomba, ujue kuna mtu mlangoni. Usimpe yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja. Na kama hujawasha uthibitishaji wa hatua mbili, ingia kwenye Mipangilio sasa hivi, kabla hujapost mzigo wa leo.