Chapa ya moto ku ngozi ya farasi: inasaidia nani?

Bandugu, hapa Lubumbashi farasi si mnyama wa kila siku. Mtu wa Makomeno akitaka kumuona lazima aende ku cercle hippique. Sababu moja ni nzi tsetse: ugonjwa anaoleta unaua farasi, njo maana Katanga yetu haikuwahi kuwa inchi ya farasi. Wengi tunajua chapa ya moto paka mu filme za cowboy. Lakini swali lake linatugusa, juu ya ng'ombe na mbuzi tuko nao: namna gani mtu anahakikisha mnyama huyu ni wake?

Chuma kinatiwa mu moto mpaka kiwe chekundu, halafu kinakandamizwa ku paja. Pale ngozi inaungua kabisa, inakufa, na kovu linabaki bila nywele. Ujerumani kila ukoo wa farasi ulikuwa na alama yake. Wale wa Hanover wanabeba herufi H. Tuseme kweli, pale chapa ilikuwa pia heshima na biashara, si ulinzi tu.

Sasa, maumivu. Mu 2012 watafiti wa Vienna walilinganisha watoto wa farasi: wamoja wakachomwa, wengine wakatiwa chipu (ile tunaita puce) kwa sindano. Jambo la kushangaza: kwa dakika zile, moyo ulipiga mbio na homoni ya woga ikapanda karibu sawa kwa wote. Wenye kutetea chuma wanapenda sana sehemu hiyo. Wanasahau yaliyofuata: waliochomwa walibaki na kidonda cha kuungua, na joto la ngozi likapanda hata mbali na paja. Sindano inapita, kidonda kinakaa siku nyingi.

Na tena, je, chapa inasomeka? Mu 2013 watu watatu walijaribu kusoma chapa za farasi zaidi ya 200. Alama ya ukoo walitambua mara nyingi. Lakini namba mbili za kumtofautisha farasi mmoja na mwingine, wote watatu walizisoma vizuri kwa farasi wasiofika 40 kwa 100. Basi tunamchoma mnyama kwa alama ambayo kesho haisomeki! Umoja wa Ulaya ulilazimisha chipu kwa watoto wa farasi tangu 2009, na tangu 2019 Ujerumani haikubali tena kuchoma farasi chapa bila dawa ya ganzi.

Kuna njia ya katikati: baridi. Daktari Keith Farrell wa Washington State, Marekani, aliianzisha mu miaka ya 1960. Chuma kinatiwa mu azoti ya maji, digrii 196 chini ya sifuri. Baridi inaua chembe za rangi, nywele zinaota nyeupe. Inauma kidogo kuliko moto, na mwizi anaiona toka mbali.

Hapo njo kuna shida ya kweli kwetu. Chipu haionekani. Bila kisomeo na bila daftari ya inchi nzima, ni punje ya mchele ndani ya shingo, basi. Angalieni Tanzania: walipitisha sheria ya utambuzi wa mifugo mu 2010, na mu 2017 waziri Mpina akasukuma ng'ombe wachomwe chapa inchi nzima. Chuma hakihitaji umeme wala mashine, mfugaji wa mbali anakielewa. Lakini kinaharibu ngozi ya kuuza, na serikali yenyewe ikageukia heleni za sikio. Mimi sioni haya kusema: mfugaji anayeibiwa kila mwezi hana kosa kutaka alama ya kuonekana. Kosa ni kumwachia chuma tu, bila daktari na bila dawa ya kutuliza.

Kwa farasi wachache wa mji huu hakuna sababu ya kuchoma. UNILU iko na fakilte ya médecine vétérinaire, na kazi yenyewe ni ya dakika chache: daktari anapitisha kwanza kisomeo ku shingo, kuona kama chipu ingine haiko tayari, anasafisha upande wa kushoto, katikati ya kichwa na bega, anachoma sindano, anasoma tena zile namba 15, halafu anaziandika mu karatasi ya farasi.