Jirani Mgeni wa Liwatoni

Zilipozuiwa ndege za abiria kutoka nje kuingia Kenya, tarehe 25 Machi 2020, kila nyumba ya Mombasa iliwakumbuka jamaa zake walio ughaibuni. Wachache waliwakumbuka wastaafu wa kigeni walioselelea hapa kwetu, ambao nao walikatikiwa na watoto wao hadi tarehe 1 Agosti.

Mmoja wao, mzee wa Kizungu, alikaa Liwatoni pekee. Asubuhi alivaa barakoa akafuata mkate na dawa zake za presha; jioni aliketi barazani. Kafyu ikianza saa 1 usiku alifunga mlango, na hadi saa 11 alfajiri hasikii sauti ya mtu. Sisi tuliosali tarawehe majumbani tulikuwa angalau na watoto nyuma yetu.

Aya ya 36 ya Suratun Nisaa imewataja pamoja jirani aliye jamaa na jirani aliye mgeni, na wamo wafasiri waliomwingiza humo hata asiyekuwa Mwislamu. Mama mmoja wa mtaani, ambaye nitamsitiri jina, hakungoja darsa. Ramadhani ile yote alimtuma mwanawe na bakuli la uji na kaimati, katika muda usiotimia saa nzima baina ya Magharibi na kafyu. Kijana huweka kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa, wakazungumza kwa mbali. Nadhani mazungumzo yale yalimshibisha mzee kuliko uji.

Bakuli halikurudi tupu. Mara ndizi, mara maembe. Ada ya pwani alikwisha kuijua.

Januari 2021 lilipofunguliwa daraja la kuelea, walivuka pamoja kwa miguu hadi Ras Bofu.