Hunywi pombe lakini ini lina mafuta? Tafiti za Helen Hobbs zina majibu

Umeenda kupigwa ultrasound kwa shida nyingine kabisa, daktari anakwambia ini lako lina mafuta. Hunywi pombe. Ukifika nyumbani na karatasi yako, swali la kwanza ni: "Kwani siku hizi unakunywa kwa siri?"

Pombe huharibu ini, hilo halina ubishi. Ila si yenyewe tu, na mmoja wa waliotafuta sababu nyingine kwa miaka mingi ni Helen Hobbs, daktari na mtafiti wa UT Southwestern mjini Dallas, Marekani.

Ukifungua orodha ya machapisho yake unaweza kuchoka mapema. Ni ndefu, na mara nyingi jina lake liko mwisho kabisa. Usidanganyike. Kwenye tafiti za tiba, jina la kwanza huwa la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, la mwisho kwa kawaida ni la mkuu wa maabara. Hivyo chukua machache tu, uyafuate kwa miaka.

Walianza na wakazi wa kawaida

Mwaka 2004 timu ilichapisha matokeo ya kupima mafuta ya ini kwa watu zaidi ya 2,200 wa Dallas, kwa mashine ya sumaku. Hawa hawakuwa wagonjwa waliolazwa, ni wakazi wa mji tu. Karibu theluthi moja walikuwa na mafuta kupita kiasi.

Kinachoshtua ni hiki: asilimia 79 ya wenye mafuta, kimeng'enya cha ini kwenye damu kilikuwa kawaida. Yaani kwa kipimo hicho cha damu peke yake, wengi wangerudi nyumbani wakiamini wako fiti.

Kukabaki fumbo. Tatizo lilionekana kwa asilimia 45 ya Walatino, 33 ya weupe na 24 ya weusi. Kwa Walatino, unene na mwili kutoitikia insulini vizuri vilieleza tofauti hiyo. Kwa weusi hakuna kilichoeleza, si uzito, si insulini, si pombe wala dawa.

Jeni moja, herufi moja

Wakageukia jeni. Mwaka 2008, katika jarida la Nature Genetics, walieleza walivyopekua mabadiliko 9,229 ya vinasaba na kukuta moja likijitokeza waziwazi, kwenye jeni iitwayo PNPLA3. Aliyelirithi kwa baba na kwa mama alikuwa na mafuta ya ini zaidi ya mara mbili ya asiye nalo. Lilienea zaidi kwa Walatino. Kumbe jeni ile ile ilikuwa na badiliko jingine, lililoambatana na mafuta kidogo kwa Wamarekani weusi.

Hapo ngoja kidogo. Hao ni watu wa Dallas. Mtu wa Mwanza au Mombasa asijihesabu ana kinga kwa takwimu zile.

Badiliko linafanyaje kazi? Ndani ya chembe za ini mafuta hukaa kama vitone vidogo, na protini ya PNPLA3 hukaa juu ya vitone hivyo. Ikishatumika, mwili huivunja. Majaribio ya panya yaliyochapishwa na maabara hiyo yalionyesha kwamba protini iliyobadilika haivunjwi kirahisi. Inarundikana juu ya vitone, na mafuta hayaondoki.

Kwa hiyo ukirithi, basi tena?

Hapana, na chapisho la 2017 ndilo ningempa kila anayesema "kwetu ni ya ukoo". Hobbs na wenzake walionyesha kwamba unene huzidisha nguvu ya jeni. Kwa wembamba, pengo kati ya mwenye badiliko na asiye nalo lilikuwa dogo. Kadiri uzito ulivyopanda, pengo likapanuka. Jeni ile ile, mwili tofauti, matokeo tofauti.

Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini viliubadilisha hata jina la ugonjwa. Ule uliokuwa ukiitwa "usiotokana na pombe" sasa unatajwa kwa chanzo chake, yaani hitilafu katika namna mwili unavyotumia sukari na mafuta.

Kupima jeni hii bado si sehemu ya matibabu ya kila siku. Kwa mgonjwa wa kawaida, daktari ataanza na uzito, sukari na presha, kisha aangalie kama ini limeanza kupata makovu.