Wimbo uliookolewa na watoto wa shule

MZAZI, unapomsikia mwanao akiimba jikoni wimbo aliofunzwa shuleni, huenda ukadhani anajipumbaza tu. Lakini huko Marekani upo wimbo wa kizalendo ambao pengine ungezikwa katika kaburi la sahau lau si watoto waliokataa kunyamaza.

Wimbo huo ni 'Lift Every Voice and Sing'. Kwa zaidi ya miaka 100 Wamarekani weusi wameuimba shuleni, makanisani na mikutanoni, na wengi husimama wima mara tu wanapousikia, hata bila kuamrishwa. Wapo wanaotokwa na machozi. Wapo pia wanaonuna. Je, kuna nini ndani yake?

Kwaya ya watoto 500

Yote yalianzia katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida. Mnamo mwaka wa 1900, James Weldon Johnson alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Stanton, iliyokuwa ya watoto weusi. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka 35 tu awali, na wazee wengi wa mji huo walikuwa wameuonja wenyewe. Juu ya hayo, majimbo ya kusini yalikuwa yakitunga sheria za kuwatenga watu weusi na kuwanyima haki ya kupiga kura.

Mipango ilifanywa ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Rais Abraham Lincoln, Februari 12. Johnson alitunga maneno, na ndugu yake mdogo, John Rosamond Johnson, akayatilia muziki. Baadaye James alisimulia kwamba alipokuwa akitunga beti za mwisho alitembea huku na huku barazani, machozi yakimtiririka, wala hakujaribu kuyazuia. Siku ilipowadia, kwaya ya watoto 500 wa shule iliuimba wimbo huo kwa mara ya kwanza.

Kisha wakubwa wakausahau. Mnamo 1901 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji, shule ya Stanton ikiwemo. Ndugu hao wawili walihamia New York kutafuta riziki katika muziki, na wimbo ukawatoka akilini.

Watoto lakini hawakuusahau. Waliendelea kuuimba, na walipohamia shule nyingine waliwafunza wenzao. Baadhi yao walikua wakawa walimu, nao wakawafunza wanafunzi wao. Kufikia miaka 20 baadaye, wimbo ulikuwa umeenea kote kusini mwa Marekani. Mnamo 1919 chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu weusi, kiliufanya kuwa wimbo wake rasmi. Johnson mwenyewe aliandika kwamba kila alipowasikia watoto weusi wakiuimba, alijawa na furaha iliyochanganyika na uchungu mkali.

Siku ya kufuzu

Mwandishi Maya Angelou, katika kitabu chake cha 1969, 'I Know Why the Caged Bird Sings', anasimulia siku alipofuzu darasa la nane mnamo 1940, katika mji mdogo wa Stamps, jimbo la Arkansas. Wanafunzi na wazazi walikuwa wamevaa nguo zao bora. Baada ya wimbo wa taifa la Marekani walitarajia kuimba wimbo wao, lakini walimu waliwaashiria waketi. Kulikuwa na mgeni mzungu.

Mgeni huyo alisimama akajigamba kuhusu vifaa vipya vya sayansi na mwalimu wa sanaa vilivyokuwa vikipelekwa katika shule ya wazungu. Shule ya weusi aliisifu kwa wanamichezo wake tu. Maana yake ilieleweka: wazungu wasome, weusi wakimbie. Alipoondoka, ukumbi mzima ulikuwa umevunjika moyo.

Ndipo mvulana aliyeongoza darasa, alipomaliza hotuba yake, akawageukia wenzake na kuuanzisha ule wimbo ulioachwa. Wanafunzi wakaudaka. Wazazi wakasimama, nao wakaimba. Angelou anasema alikuwa ameuimba maelfu ya mara tangu utotoni, lakini siku hiyo ndiyo aliyoyasikia maneno yake kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo ilipo siri ya wimbo wa aina hii. Maneno yake hukaa moyoni kama akiba, na siku ya dhiki akiba hiyo hufunguliwa.

Kinubi kilichovunjwa

Mchongaji Augusta Savage, aliyezaliwa karibu na Jacksonville, aliamua kuuonyesha wimbo huo kwa macho. Kwa maonyesho ya dunia ya New York ya 1939 alitengeneza sanamu ya plasta yenye kimo cha karibu mita tano. Ilikuwa na umbo la kinubi, na nyuzi zake zilikuwa vijana waliosimama wakiimba. Watu walimiminika kuitazama. Maonyesho yalipokwisha, hakukuwa na fedha za kuihifadhi, na sanamu ikabomolewa. Plasta ilivunjika, wimbo ukabaki.

Mnamo Januari 20, 2009, Wakenya wengi walikuwa mbele ya televisheni wakitazama Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa hapa Kenya, akiapishwa kuwa Rais wa Marekani. Huenda wengi wetu hatukutambua kwamba Mchungaji Joseph Lowery alianza sala ya kufunga sherehe kwa maneno ya ubeti wa mwisho wa wimbo huu.

Hata hivyo, si kila msikilizaji hufurahi. Wimbo ulipoanza kupigwa kabla ya mechi kubwa za kandanda ya Kimarekani mnamo 2020, baadhi ya watu walilalamika kwamba nchi moja haiwezi kuwa na nyimbo mbili za taifa. Wengine walijibu kwamba wimbo huu haugawanyi; unakumbusha tu njia iliyopitwa. Mnamo 2021 mswada wa kuufanya utenzi rasmi wa taifa uliwasilishwa katika Bunge la Marekani, lakini haukupita.

Nasi je? Muziki wa wimbo wetu wa taifa, uliochaguliwa mnamo 1963, ulitokana na wimbo wa akina mama Wapokomo wa kuwabembeleza watoto. Vijana wetu huuimba paredini wengine wakisinzia, wengine wakisukumana mistarini. Tusiwakemee tu. Jioni moja baada ya chakula, mzazi na amwulize mwanawe maana ya kila mstari, kisha amweleze ni nani walioteseka ili uimbwe. Huenda naye siku moja akauhitaji.