Mwindaji na Wapenzi Wake: Shujaa wa Kike katika Riwaya za Anita Blake

Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker iliyotolewa mwaka 1897, Lucy na Mina ni mawindo: mfu anyonyaye damu huwajia usiku, na wanaume ndio washikao silaha. Mwaka 1993 mwandishi wa Marekani, Laurell K. Hamilton, aliupindua mpango huo katika Guilty Pleasures, riwaya ya kwanza ya mfululizo wa Anita Blake. Mandhari yake ni mji wa St. Louis, katika nchi ambayo sheria imekwisha kuwatambua wanyonyadamu kuwa raia. Kazi ya Anita ni kufufua maiti. Tena ana idhini ya kuwaua wanyonyadamu waliohukumiwa.

Hapo ndipo ulipo mgogoro. Miongoni mwa wampendao wamo Jean-Claude, mnyonyadamu, na Richard, mwalimu ageukaye mbwamwitu. Kwa desturi, riwaya ya mapenzi humtaka shujaa achague mmoja. Lakini kadiri mfululizo huu uendeleavyo, wapenzi huzidi. Swali la nani atampata Anita hufifia, likazuka jingine zito zaidi: mwindaji atabaki mtu wa namna gani ikiwa awapendao ni wa jamii ile ile aiwindayo?

Ukali wa Anita, basi, una kazi katika usanii. Kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye asimuliaye, kwa nafsi ya kwanza, msomaji hushuhudia jinsi mpaka kati ya mtu na zimwi, aliouona wazi hapo mwanzo, unavyomponyoka. Bastola yake humlinda na meno ya adui. Na shaka hiyo haimlindi.